Digrii ya Kila Kitu

Kaloleni, Voi
29 Aprili 2025

Wakesho, binti wa kaka yangu,

Kwawuka mana, nakusalimu kikwetu. Huku tuko wazima. Mvua ilikuja siku mbili, ikatuona hatufai, ikaenda zake. Mguu wangu wa kushoto umeacha kuvimba tangu nibadilishe kiti cha dukani. Ben mwanangu yupo, anakula. Msalimie mama yangu, umwambie kabichi alizotuma zilifika nane, si kumi, na Geoffrey wa pikapu ajieleze. Msalimie na babako Mwandawiro, kama siku hizi amepata sauti.

Umenipigia simu mara kumi na moja tangu Pasaka. Nimeziona zote. Sikushika kwa sababu najijua. Kwenye simu ningetoa neno, na neno la shangazi likishatoka halina kifutio. Kwa kalamu naweza kukata. Hapo juu nimekata mistari miwili, na usijaribu kuisoma kwa kuiinua kwenye mwanga.

Haya. Siku ya Pasaka, mbele ya wali na kuku, mbele ya Nyanya, ukasema umejaza digrii ya sayansi ya jumla, ile wenyewe mnaiita General. Ukasema huku unatabasamu. Mimi nikainuka mezani. Mlidhani nimetoka kupunga hewa. Nilitoka nikatema kando ya zizi la mbuzi.

Jumla ya nini? Mimi nauza jumla na rejareja, jumla naijua. Mtu akinunua gunia zima la chakula cha kuku ni kwa sababu ana kuku. Wewe unanunua gunia halafu ndiyo uende ukatafute kuku.

Na mfano unao, hukuhitaji kuuliza mbali. Ben alisoma hiyo hiyo General, miaka minne. Walimaliza thelathini na wanne, nimemkalisha nikamhesabisha mmoja mmoja. Wanne wana kazi inayohusu sayansi. Saba wamerudi kusomea ualimu, maana walikwenda kufundisha wakaambiwa hawana cheti cha kufundisha. Wawili wako Uarabuni wanalinda milango. Ishirini na mmoja waliobaki ni kama huyu wangu: zaidi ya asilimia sitini, wanaamka saa nne na kuuliza chai iko wapi. Akitoka kununua mkate, watoto wa Kaloleni wanampigia saluti. Jenerali anapita. Mimi mama wa Jenerali nimesimama mlangoni na ufagio, nasikia kichefuchefu.

Una B minus. Kwa diploma ya afya ya mifugo wangekupokea wakishukuru. Miaka mitatu, unasajiliwa, una kazi yenye jina ambayo mtu akiisikia haulizi swali la pili. Dirisha la kubadilisha bado liko wazi. Shuka Mwatate, ingia cyber, badilisha. Ni kwa faida yako.

Ukishabadilisha, nipigie. Nitashika.

Shangazi yako,
Immaculate


Bura
6 Mei 2025

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Tumefurahi mguu umepata nafuu. Nyanya anakohoa asubuhi tu, jua likipanda anaacha na kuanza kugombeza watu, kwa hiyo hatuna wasiwasi. Nyani wameingia kwenye maharagwe ya upande wa kijito. Kabichi mbili Geoffrey anasema zilianguka kwenye kona za kuteremka, lakini alikuwa anacheka akisema. Baba amesoma barua yako yote, akaikunja, akasema "muulize shangazi yako." Nikamwambia ndiye niliyetoka kumuuliza. Akachukua jembe.

Shangazi, nilikuwa dukani kwako Desemba. Unamkumbuka Mzee Mutinda wa Mbololo, aliyekuja na kuku watatu waliokufa ndani ya mfuko wa sukari, akawatupa kwenye kaunta akasema chanjo yako ya kideri ni feki? Wewe hukupandisha sauti. Ulimuuliza alichanganya na maji gani. Akasema ya bomba. Ukamwambia maji ya bomba yana dawa, yanaua chanjo kabla kuku hajainywa, akachanganyie maji ya mvua, na akikosa ya mvua atie maziwa ya unga kwanza, angoje, halafu ndiyo atie chanjo.

Nikakuuliza, maziwa yanafanya nini? Ukaniambia yanafanya kazi. Nikakuuliza kazi gani, ukanituma nikafute rafu.

Mimi swali lile halijatoka kichwani. Nilimuuliza mwalimu wa bayolojia nilipokwenda kuchukua cheti, akasema haliko kwenye silabasi na mtihani nimeshafanya. Najua unaona ni upuuzi. Lakini nataka kwenda mahali ambapo mtu akiuliza hivyo hatumwi kufuta rafu. Kama jibu liko kwenye kemia au kwenye wanyama, sijui bado. General inanipa vyote viwili, nachagua mwaka wa tatu. Wewe unaita kununua gunia bila kuku. Mimi nasema kuku sijawaona wote.

Kuna jambo lingine ambalo hukuliandika. Nami silitaji. Ila kumbuka rafu siyo kitu pekee nilichofuta vumbi mle dukani.

Nyanya anasema nikienda chuo chochote kile, nisiondoke moyo wako ukiwa hivi. Anataka utase. Anasema maji yaingie mdomoni mwako, uyapulize nje pamoja na hasira, useme heri, basi. Bila hivyo, anasema, nitafeli au nitaugua na watu watatafuta sababu hospitalini. Maji ya kijito cha nyumbani nimekutumia, chupa iko katikati ya sukuma wiki.

Mtoto wako,
Wakesho


Kaloleni, Voi
16 Mei 2025

Wakesho,

Salamu zimefika. Mama anywe maji ya moto na aache kulala karibu na jiko la moshi, nimemwambia tangu mwaka wa juzi. Ben amepata kazi ya kuandika maneno ya Wazungu kutoka kwenye kompyuta, wanaongea yeye anachapa. Kompyuta zenyewe zimeanza kuchapa bila yeye, kwa hiyo tusipige vigelegele.

Chupa nimeipata. Ilikuwa na konokono. Mdogo kama punje ya mtama, mzima, anapanda kioo kwa raha zake. Hicho ndicho mlichotaka nitie mdomoni. Mimi niko katika kina mama wa parokia, navaa sare Jumapili ya kwanza, sitemi maji hewani kama mtoto anayeoga. Najua mama atakachosema, ameshakisema: eti padri naye hunyunyiza, tofauti ni chombo. Mwambie padri hanyunyizi konokono.

Maji nilimpa Mutinda akachanganyie chanjo. Lita moja, kuku hamsini. Angalau yamefanya kazi inayoeleweka.

Na hiyo barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu imenitia kinyaa. Si kwa ujinga, ungekuwa mjinga ningekuonea huruma. Ni kwa hiyo sauti ya mtu aliyeshiba. "Sijui bado." "Nachagua mwaka wa tatu." Mimi nilipomaliza darasa la nane nani aliniuliza nitachagua lini? Nilianza na debe moja la mbegu za kunde chini ya mwavuli pale sokoni. Sikuuliza kunde zinaotaje. Niliuliza nani anazitaka. Ndiyo maana nina duka lenye mlango wa chuma na Ben ana saluti.

Swali la kwa nini halina leseni. Hakuna mkaguzi atakayeingia akuulize kwa nini. Atakuuliza karatasi iko wapi.

Vumbi ulilofuta halikuwa lako. Usiniandikie mafumbo.

Dirisha linafungwa mwisho wa mwezi.

Shangazi


Bura
10 Juni 2025

Shangazi,

Shikamoo. Nyanya amehama jikoni, analala chumba cha mbele, kwa hiyo neno lako limesikika. Anaulizia kama konokono alifika salama. Mimi nasaidia kufundisha watoto wa darasa la tatu pale shule ya chini, kwa sababu mwalimu wao amejifungua. Wana maswali kuliko mimi, ungewachukia.

Dirisha limefungwa. Sikubadilisha.

Umesema nisiandike mafumbo, basi naandika wazi na unisamehe. Kile cheti cha afya ya mifugo kwenye fremu, juu ya friji ya chanjo, ni cha Donald. Nilikifuta vumbi nikasoma jina. Donald simjui akiuza hata sindano moja. Namjua anakuja mwisho wa mwezi, anasimama mlangoni bila kuingia, unampa bahasha, anaondoka. Sheria inataka mwenye cheti awe dukani, na wewe unayezijua dawa zote huna, na yeye mwenye nacho hayupo. Ndiyo biashara ya nusu ya maduka ya dawa za mifugo, sikulaumu.

Lakini ulitaka jina langu liingie kwenye fremu ile. Ungeniambia hivyo tu, "Wakesho, nimechoka kukodi jina la mwanamume huyu, nisomee karatasi," ningekaa nikafikiri kweli kweli. Pengine ningekubali. Badala yake uliniandikia ni kwa faida yangu. Hapo ndipo nami nilipoumia, kwa sababu wewe kwa hesabu huwa hukosei na hudanganyi mtu.

Ben nimempigia. Anasema saluti anazipenda, ndiyo mshahara pekee usiokatwa kodi.

Maji mengine nimetuma. Nimechuja kwa leso mara mbili.

Wakesho


Kaloleni, Voi
4 Julai 2025

Wakesho,

Hatujambo. Nasikia matokeo ya kupangiwa vyuo yametoka na umepata hiyo kitu yako, huko bara. Nampa babako hongera.

Sukuma wiki za Ijumaa zilikuwa na wadudu. Mwambie atumie majivu.

Barua yako niliipata. 

Immaculate


Bura
22 Julai 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nyanya hajambo, Baba hajambo. Sitasema mengi ya nyumbani leo.

Geoffrey ametuambia. Alisema kama mtu anayeeleza habari ya mvua, hakujua hatujui. Kwamba wakaguzi wamepita Voi yote. Kwamba Donald alikuja kabla yao, akatoa cheti ukutani, akakipeleka duka lingine la Taveta, hata fremu hakuacha. Kwamba rafu zote za dawa umezifunika kwa leso na unauza mbegu na waya tu. Nimeipiga hesabu ya tarehe. Ile barua fupi ya sukuma wiki uliiandika wiki hiyo hiyo.

Hukusema. Uliandika habari ya wadudu.

Shangazi, nafasi ya kuhama chuo imefunguliwa, wanaruhusu kushuka kwenda diploma. Inafungwa tarehe nane Agosti. Jana niliteremka Mwatate, nimejaza kila kitu, afya ya mifugo, chuo cha kwanza na cha pili. Imebaki kubonyeza. Mwenye cyber amenihifadhia. Nikianza Septemba, baada ya miaka mitatu fremu yako ina jina, na mwenye jina yumo ndani anapima dawa.

Sifanyi kwa kulia, nafanya kwa akili. Swali la maziwa linaweza kungoja.

Sema neno moja tu kwa Geoffrey Ijumaa. Ukisema ndiyo, nabonyeza.

Wakesho


Kaloleni, Voi
25 Julai 2025

Wakesho, mwanangu,

Geoffrey amesimama hapa mlangoni, injini inanguruma, ananiambia kabichi zinaiva ndani ya gari. Nimemwambia azime. Atangoja.

Salamu kwa wote. Wadudu wa sukuma wameisha, majivu yamefaa.

Ni kweli yote uliyosikia, ila leso ni za zamani, zile nzuri siwezi kufunikia dawa nisizoruhusiwa kuuza. Kati ya wateja kumi, sita walikuwa wa dawa. Watatu kati ya hao sita bado wanaingia, wanasimama, wananipa pole. Pole haiwekwi kwenye mizani. Mutinda alikuja kutaka chanjo, nikamwelekeza ng'ambo ya barabara kwa mshindani wangu, na mshindani akanipungia mkono kupitia dirishani kama tumeoana. Nilikwenda nyuma ya duka nikatapika. Safari hii kweli, si kutema.

Donald sitaki kumwandika. Kalamu inateleza. Alipokuwa anang'oa fremu alinitaka ngazi. Nikamshikia ngazi, Wakesho. Mimi mwenyewe, kwa mikono miwili, ili asianguke.

Sasa neno lako. Nimelipiga hesabu, unanijua. Miaka mitatu ya leso kwenye rafu naweza kuivumilia, mbegu na waya zinanilisha. Mwaka wa nne duka linarudi, na mwaka wa tano nimesahau. Kila upande wa hesabu unasema ndiyo. Nilikuwa nimeshaliandika kwenye karatasi, ndiyo, herufi tano, kubwa. Nikamwita Geoffrey achukue.

Akaniuliza, "Mama Ben, ndiyo ya nini hii?" Nikaanza kumweleza. Nikajisikia nasema: Wakesho atasoma mifugo, jina lake litatundikwa pale. Nikatazama pale. Misumari miwili, na mraba mweupe ambao rangi ya ukuta haikufifia. Nikakuona wewe umesimama mlangoni, mwisho wa mwezi, huingii.

Hapana. Usibonyeze.

Mtu akija kwangu kwa huruma, atakuwa Donald mwingine. Jina ukutani, moyo hauko. Nimemkodi mmoja miaka tisa, na harufu ya mafuta yake ya nywele bado iko kwenye pazia la mlangoni. Wa pili simtaki, hata akiwa damu yangu, hasa akiwa damu yangu. Mwambie mwenye cyber afute kila kitu, na ukiwa hapo hapo akufutie na historia.

Ulisema niliandika "ni kwa faida yako." Niliandika. Imo, na sikuikata.

Nimekwenda pale ofisi ya mifugo kuuliza mtu wa umri wangu, mwenye darasa la nane, anaanzia wapi. Kijana wa mapokezi aliniuliza kama ni ya mjukuu. Nikamwambia ni yangu mimi. Ananitafutia. Sina matumaini na wala simwambii mtu, Ben akijua watoto watanipigia saluti na mimi.

Sasa sikiliza, maana hili uliambie mama yangu neno kwa neno. Ile chupa ya pili ilikuwa chini ya kaunta tangu Juni. Sikumpa Mutinda. Asubuhi hii, Geoffrey akiwa hapa shahidi, nimeifungua. Umechuja, ndiyo, lakini chini ilikuwa na kitu cha kijani, na harufu ya chura. Nimetia mdomoni. Nimeshikilia mpaka machozi yakanitoka. Nimesimama mlangoni nikageukia upande wa milima, nikayapuliza yote, nusu yamempata Geoffrey na robo imeingia kwenye mtama wa kuonyesha. Halafu nimesema, kwa sauti, barabarani, na sare ya kina mama imepigwa pasi inaning'inia nyuma yangu kwa ajili ya Jumapili: hasira yangu kwa Wakesho itoke. Aende, afike, asome, arudi ana macho yake na akili zake. Mshindani wangu alitoka nje kutazama. Nikayarudia yote ili asikie vizuri.

Basi. Hasira nimeitoa. Kinyaa kimebaki. Hiyo digrii bado inanichefua, jina lake, upana wake, na hao watu wanaowapa watoto gunia bila kuwauliza wana kuku wangapi. Muulize mama kama kinyaa nacho kinamdhuru mtoto. Mimi nadhani hapana, nimekuwa nacho kwa Ben miaka yote na ananenepa.

Ukiondoka pitia hapa. Nitakupa blanketi, huko bara kuna baridi.

Na huko wakikuambia maziwa yanafanya nini kwenye yale maji, niandikie. Usinipigie simu. Niandikie, nataka kusoma polepole. Watu wananiuliza miaka yote hiyo, na mimi nawatuma wakafute rafu.

Shangazi yako,
Immaculate